Maji ya Rau hayakuongezeka: uchambuzi wa kisa cha mpunga wa Lower Moshi

Ukitoka Moshi mjini kwenda kusini, ukaipita Pasua na kuingia Mabogini, ardhi inalala na majaruba, vitalu vya mpunga vyenye matuta, yanaanza. Hapa, kati ya mwaka 1984 na 1987, serikali ilijenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi kwa mkopo na utaalamu wa Japani. Eneo lote lilikuwa hekta 2,300: hekta 1,100 za mpunga, zilizobaki za mahindi na mazao mengine yasiyohitaji maji ya kusimama. Banio moja, ukuta wa kuchepusha maji, liliwekwa mto Njoro, jingine mto Rau. Mashamba yalisawazishwa na kupimwa upya katika vitalu vya hekta 0.3. Katika kituo cha Chekereni, ambacho baadaye kiligeuka kuwa chuo cha kilimo cha KATC, wakulima wakafundishwa kupandikiza kwa mistari na kutumia mbegu ya IR54 iliyotoka Ufilipino. Kabla ya hapo hekta moja ilitoa kama tani mbili za mpunga. Baada ya mradi ikatoa tani sita na zaidi.

Kwa kipimo cha miradi ya miaka ile, huo ulikuwa ushindi, na ushindi huo ndio uliozaa kisa.

Wakulima wa juu ya mabanio, ambao ramani ya mradi haikuwagusa, waliona majirani zao wanavyovuna. Maji yalikuwa yanapita mlangoni kwao kabla ya kufika kwa wenye mradi. Wakachimba mitaro, wakainua matuta, wakalima mpunga. Hakuna aliyewaita semina, walijifunza kwa macho. Kadiri majaruba ya juu yalivyoongezeka ndivyo maji yaliyofika kwenye mabanio yalivyopungua, na eneo la mpunga ndani ya skimu likaanza kusinyaa. Mifereji ilikuwa mizima, mabanio hayakubomoka, wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni maji. Waliobanwa zaidi walikuwa wa mkiani mwa mifereji, vijiji kama Chekereni na Oria. Mkulima wa huko anaweza kukaa msimu mzima na kitalu chenye kila kitu isipokuwa zamu ya maji.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wa kuwekea ukuaji wa uchumi kikomo huwa tunauzungumza kama jambo la watu wa mbali, la wenye magari matatu na nyumba zenye joto la mabomba. Kumbe Moshi imekuwa ndani ya mjadala huo kwa zaidi ya miaka thelathini, bila kuutaja kwa jina.

Kiu ya mpunga

Tuanze na hesabu ndogo, maana bila hiyo watu hudhani ugomvi ulikuwa wa wivu tu. Tuseme jaruba linapoteza milimita 10 za maji kwa siku, kwa jua na kwa kunyonywa na udongo. Ni makadirio ya kufanyia hesabu, mashamba hutofautiana. Milimita 10 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 100. Hekta 1,100 zikiwa zimepandwa zote kwa wakati mmoja zitataka mita za ujazo 110,000 kila siku. Mpe kila mtu lita 50 za kutumia nyumbani, maji hayo yatatosha watu milioni 2.2. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika mkoa mzima wa Kilimanjaro.

Sasa mtu aongeze hekta nyingine mia kadhaa juu ya banio, kutoka mto uleule.

Wabunifu wa mradi hawakuwa wajinga. Walipima mto, wakatoa matumizi ya watu wa juu kama yalivyokuwa wakati ule, kilichobaki wakakigawia mradi. Kasoro ilikuwa kwenye dhana: kwamba watu wa juu wataendelea kuishi kama walivyoishi siku ya kupimwa. Mradi uliokusudia kubadilisha maisha ya tambarare ulitegemea kwamba maisha ya hatua chache juu yake hayatabadilika. Nimesoma mipango mingi ya maendeleo, na dhana hii hujirudia mno: sisi tutakua, wengine watasubiri.

Wa juu hawakuwa wezi

Katika vikao vya maji maneno ya kuwaita watu wa juu wavamizi hayachelewi kutoka. Mimi siyakubali. Angalia miaka yenyewe. Mwaka 1986 nchi iliingia kwenye masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na biashara ya mazao ikaanza kulegezwa, mchele ukapata soko huru na bei. Julai 1989 mgawo wa mauzo uliowekwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika na bei ya kahawa duniani ikaporomoka. Kwa Mchaga mwenye kihamba cha kahawa na migomba mlimani, kilichogawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi mpaka kikawa uchochoro, kahawa ndiyo iliyokuwa ada ya shule na bati la nyumba. Ilipoanguka, macho yalielekea chini, kwenye tambarare, na kule chini zao lenye fedha lilikuwa mpunga.

Kwa hiyo aliyefungua mtaro juu ya banio hakuwa tajiri aliyelewa shibe. Alikuwa maskini mwenzake wa mkiani, tofauti yao ni mwinuko wa mita chache. Hili lina uzito katika mjadala mkubwa, na nitalirudia.

Je, sheria ilisemaje? Sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974 iliweka maji yote mikononi mwa Jamhuri, na mtumiaji akatakiwa kuwa na haki ya maji kwa hati. Kwenye karatasi, basi, banio la mradi lilikuwa na kinga na mtaro wa mwananchi haukuwa nayo. Lakini mitaro mingi ya huku ni mikongwe kuliko serikali. Mifongo, mitaro ya asili ya Wachaga, ilikuwapo kabla ya mmisionari Rebmann kuuona mlima mwaka 1848, nayo iliendeshwa na koo, kwa wazee wa mfongo, kwa siku za kusafisha na zamu zinazojulikana. Umwambie mtu ambaye babu yake alichimba mfongo kwamba maji yanayopita humo si yake mpaka apate hati mjini! Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi, na Kilimanjaro ikawa moja ya mikoa yenye ushindani mkali kuliko yote. Ni diwani gani, wa chama gani, angekubali kuonekana anaziba mtaro wa wapiga kura wake ili maji yashuke kwa wapiga kura wa mwingine?

Nadhani hapo ndipo kisa kilipoamuliwa. Hakuna kikao kilichokaa na kusema mpunga wa bonde la Rau mwisho wake ni hekta kadhaa, na zitagawanywa hivi. Kikomo kilikuwapo, tena kigumu, lakini aliyekigawa ni mteremko. Aliye juu alipata, aliye chini alikosa.

Mjadala wa dunia, ukisomwa kutoka Mabogini

Mwaka 1972 timu ya watafiti wa MIT nchini Marekani, wakiwamo Donella na Dennis Meadows, waliandaa ripoti kwa ajili ya Klabu ya Roma. Kwa modeli ya kompyuta waliunganisha mambo matano: watu, chakula, viwanda, uchafuzi na maliasili. Hitimisho lao, kwa ufupi, ni kwamba ukuaji usio na mwisho ndani ya dunia yenye mwisho utaishia kwenye anguko, kama hautasimamishwa kwa hiari kabla. Wapinzani walisema binadamu huvumbua. Mwanauchumi Julian Simon aliwekeana dau mwaka 1980 na mwanabiolojia Paul Ehrlich, aliyetarajia bei zipande, kuhusu bei za madini matano, na mwaka 1990 Simon akashinda, bei zilikuwa zimeshuka. Upande wa tatu ni wetu, wa nchi maskini. Katika mkutano wa mazingira wa Stockholm, mwaka huohuo wa 1972, Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India, aliukumbusha ukumbi kwamba huwezi kuzungumza na maskini juu ya uchafuzi ukanyamaza kuhusu umaskini wao.

Upande huu wa tatu una haki ya msingi, na takwimu zinaubeba. Mtanzania mmoja kwa wastani hafikishi nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, Mmarekani anapita tani 13. Anayemwambia Mtanzania apunguze ukuaji ili kuokoa hali ya hewa amekosea mlango wa kubisha.

Ila hoja hiyo ina tabia ya kutulegeza. Tukishasema ukuaji wa kwetu hauna kosa, tunaruka kirahisi hadi kusema ukuaji wa kwetu hauna kikomo. Mto Rau haujui pato letu la taifa kwa kichwa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kwa kasi hiyo idadi hujirudufu kwa miaka 22 hivi, na chemchemi hazijirudufu. Dau la Simon nalo halitusaidii hapa. Shaba ikipanda bei, fundi atatafuta kitu kingine cha kutengenezea waya. Mpunga hauna kitu kingine cha kunywa. Kuna maji ya ardhini, kweli, na mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini hutumia visima pamoja na mito, lakini kisima kirefu na pampu si vitu vya mwenye kitalu cha hekta 0.3. Upande wa Meru maji ya ardhini yana floraidi kiasi cha kuharibu meno na mifupa ya wanaoyanywa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Maji hayakuwekewa namba yake. Sidhani ni uzembe. Kwa nchi ya wakati ule, yenye watu wachache kuliko robo ya wa leo, maji yalionekana ni sehemu ya ardhi, kama vile udongo. Siasa yetu ya maendeleo, ya vyama vyote, bado inaongea kwa lugha ya mwaka ule: panua, ongeza, fungua eneo jipya.

Je, teknolojia?

Jibu la haraka la wataalamu ni kutumia maji kwa ufanisi. Kuna kilimo shadidi, njia iliyozaliwa Madagascar miaka ya 1980: mche mmoja mchanga kwa shimo, nafasi pana, na shamba linaloachwa likauke kidogo kabla ya kunyweshwa tena badala ya kufurika muda wote. Inaokoa maji na mara nyingi mavuno hayashuki. Naiunga mkono bila kusita.

Lakini fuatilia yale maji yaliyookolewa. Mkulima wa juu ya banio akitumia theluthi pungufu, ile theluthi itafanya nini? Kama pembeni yake kuna shamba la mahindi la shemeji yake ambalo lingefaa mpunga likipata maji, sote tunajua jibu. Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865 kwenye makaa ya mawe: mashine zilivyozidi kutumia makaa kwa ufanisi ndivyo nchi ilivyozidi kuchoma makaa. Ufanisi bila kikomo cha eneo ni kibali cha kupanua. Mradi wenyewe ulikuwa ufanisi mtupu, mifereji iliyosakafiwa na mashamba yaliyosawazishwa, na matokeo yake katika bonde zima yalikuwa mpunga mwingi zaidi na mto mwembamba zaidi.

Niseme pia kuhusu theluji, kwa sababu kila mkutano wa maji Moshi lazima mtu asimame aililie. Barafu ya Kilimanjaro imepungua sana, kutoka kama kilometa za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya mbili miaka ya 2000. Ni hasara kubwa, kwa watalii na kwa fahari yetu. Lakini maji ya mito ya kusini mwa mlima hutoka karibu yote kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kuiachia polepole. Anayelilia theluji huku anapuuza moto unaokula msitu wa juu, au miti inayokatwa kuzunguka chemchemi, analia msiba wa jirani wakati wake uko ndani.

Walioko chini zaidi

Kisa hakiishii Oria. Rau huingia Ruvu, na Ruvu pamoja na Kikuletwa, inayobeba maji ya Meru na ya magharibi mwa Kilimanjaro, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo Mto Pangani hushuka kwenye mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, na Pangani mpya 68, iliyokamilika mwaka 1995 kwa msaada wa Finland, Norway na Sweden. Ofisi ya bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na kwa kipindi kirefu ugomvi wake mkubwa ulikuwa kati ya mkulima wa juu na turbini ya chini. Kwa umeme, hata mkulima wa Oria ni mtu wa juu. Mpunga wake ni maji yaliyopotea.

Na chini ya Nyumba ya Mungu, kabla ya kufika Hale, kuna kinamasi cha Kirua, kilichosinyaa tangu bwawa lizuie mafuriko, pamoja na samaki na malisho yake. Mwisho kabisa ni mlango wa mto, mji wa Pangani, ambako maji ya bahari yamekuwa yakipanda mtoni kwa kuwa mto hauna tena nguvu ya kuyasukuma. Sera ya maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Rasilimali za Maji namba 11 ya mwaka 2009 zinaweka maji ya majumbani kwanza, mazingira pili, na shughuli za uchumi baada ya hapo. Kwenye mto wenyewe mpangilio umepinduliwa: mazingira hupokea kilichobaki baada ya kila mtu kushiba, na kwa kawaida hakibaki kitu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kikomo cha ukuaji kitangazwe kwa sauti ya jumla, iwe Ulaya au kwetu. Kikomo cha jumla bila mgao hakimgusi aliye juu. Mwambie kila mtu bondeni apunguze, atakayepunguza kweli ni yule ambaye maji hayamfikii, na huyo alishapunguza bila kuambiwa. Natofautiana vilevile na wanaosema tukue kwanza, mambo ya kugawana yatakuja baadaye. Lower Moshi ilikua kwanza. Baadaye imefika, na mteremko umeshagawa.

Ningefanyaje

Ningeacha kuhesabu lita na kuhesabu majaruba. Kibali cha maji kimeandikwa kwa lita kwa sekunde, na mitaroni nani hupima lita? Jaruba linaonekana: ofisa anaweza kulihesabu kwa miguu, jirani anaweza kulisema, picha ya setilaiti inaweza kulithibitisha. Mto wa Rau wote, kuanzia chanzo chake hadi Oria, uwe na jumla moja ya hekta za mpunga kwa kiangazi na jumla nyingine kwa masika. Kiangazi ndicho chenye ugomvi. Masika maji humwagika na sioni sababu ya kumsumbua mtu.

Jumla hiyo igawanywe na nani? Si ofisi peke yake. Jumuiya za watumia maji zilizoundwa kwa sheria ya sasa zina tatizo la kugawanyika kwa vijiji na kwa mabanio, ilhali mfongo wa zamani ulifanya kazi kwa sababu wa juu na wa mwisho walikuwa wanajuana, wanazikana, na aliyeiba zamu alikutwa na aibu msibani. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano kutoka nchi nyingi kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila serikali kuwakaba na bila kuibinafsisha, mradi mipaka ijulikane na watumiaji watunge kanuni wenyewe. Hilo wazee wa Kilimanjaro na wa ndiva, mabwawa madogo ya asili ya Upare, hawahitaji kufundishwa. Ugumu ni kwamba mfongo ulikuwa wa ukoo mmoja au miwili, na Rau leo ina wenyeji, wahamiaji, wapangaji wa mashamba na manispaa yenye watu 221,733. Aibu ya msibani haifiki kwa mpangaji wa msimu mmoja anayeishi mjini.

Kwa hiyo fedha lazima iingie. Mkulima wa juu akiambiwa kiangazi apande maharage badala ya mpunga, anapoteza kipato, na hoja yoyote ya mazingira inayomtaka akipoteze bure itashindwa, tena kwa haki. Ada ya matumizi ya maji imekuwapo bondeni tangu miaka ya 1990. Sehemu yake ingeweza kurudi juu kama fidia ya kuacha maji yapite, ikichangiwa na wanaofaidi maji yanayofika chini: skimu, miwa na umeme. Mzalishaji wa umeme akipata mita za ujazo zaidi anapata uniti zaidi, na uniti zina bei, kwa hiyo kiasi cha kuchangia kinaweza kukokotolewa bila ramli.

Najua pingamizi: fidia ni ghali, usimamizi ni mgumu, watu watadai fidia ya majaruba ambayo hawakuwa nayo. Yote ni kweli. Ila mpango wa sasa nao una gharama, na kuna anayeilipa kila kiangazi. Ni mwenye kitalu cha mkiani, ambaye mfereji wa mkopo ulifika hadi shambani kwake, na hajawahi kuulizwa kama yuko tayari kulipa.